Kile Kitabu cha Bluu

Sogeeni. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, hebu urudishe, upepo unanipeperushia karatasi.

Haya. Nani kati yenu amewahi kwenda maktaba kutafuta kitabu alichokisoma muhula uliopita, jina likawa limemtoka kabisa? Mwandishi ndiyo usiseme. Nani anamkumbuka mwandishi? Kilichobaki kichwani ni jalada la bluu na kobe. Ukimwambia mkutubi, "Nataka kile cha bluu," atakutazama juu ya miwani. Msimlaumu. Mwaka 1876 Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, alitoa mpangilio wake wa kugawa maarifa yote katika mafungu kumi yenye namba, na hadi leo maktaba nyingi duniani zinaufuata. Ndani yake kuna dini, kuna sayansi, kuna historia. Kitabu cha bluu hakimo.

Sasa, katika Chuo Kikuu cha Maryland, huko Marekani, mtafiti Allison Druin na mwenzake Ben Bederson walitaka kujenga maktaba ya kidijitali ya watoto, yenye vitabu vya nchi nyingi na lugha nyingi, vyote vikisomwa kwenye kompyuta. Wangeweza kujifungia ofisini na wataalamu wenzao. Badala yake wakawaita watoto wa miaka 7 hadi 11, wawe wanakuja chuoni baada ya shule. Hawakuitwa kuonyeshwa kazi iliyokwisha waulizwe kama ni nzuri. Waliitwa kuibuni.

Na kikao chao kilikuwa na desturi zake. Hakuna kunyoosha kidole ili uruhusiwe kusema. Watu wazima nao waliitwa kwa majina yao tu, hakuna cha profesa wala daktari. (Hilo msilijaribu kwa bibi yenu.)

Walianzia sakafuni, na mfuko wa vikorokoro: kadibodi, gundi, uzi, pamba, kalamu za rangi. Tuseme kipande cha boksi ndiyo skrini, kifuniko cha chupa ndicho kitufe. Unabonyeza kifuniko, mwenzako anachomeka karatasi nyingine: huo ndio ukurasa umefunguka. Mtoto wa miaka 8 hajui kuandika programu, lakini kukata boksi anajua, na mhandisi aliyeketi kando yake hamzidi kwa mkasi. Tena kitu kilichotengenezwa kwa dakika kumi hakimuumi mtu kikitupwa.

Kulikuwa pia na vile vikaratasi vya kunata. Ukishajaribu kitu, unaandika kilichokupendeza, kilichokukera na wazo lako, kila jambo kwenye kikaratasi chake. Vyote vinabandikwa ubaoni, vinavyofanana vinawekwa pamoja. Kero moja ikirundikana vikaratasi kumi, mnabishania nini tena?

Watoto wakasema yao. Wanataka kutafuta kwa rangi ya jalada. Kwa urefu wa kitabu, maana kuna siku mtu ana hamu ya kifupi tu. Kwa waliomo ndani: watoto, wanyama halisi, au viumbe wa kubuni. Tena wakataka kutafuta kwa hisia, kitabu kinamfanya msomaji ajisikieje. Hapo ndipo ninapowapenda zaidi, kwa sababu waliwatega wakubwa. Hadithi ya fisi aliyetumbukia kisimani ni ya kuchekesha au ya kuhuzunisha? Muulize fisi.

Vitufe navyo vikawa vikubwa, vyenye picha. Mtoto akitafuta kwa kuandika akakosea herufi moja tu, kompyuta iliweza kumjibu kwamba hakuna kitu, kumbe kipo. Kwa picha hakuna cha kukosea: unabofya jalada jekundu, vinabaki vyekundu, unaongeza wanyama, rundo linapungua tena, mpaka unabaki na vichache vya kuchagua.

Maktaba ilifunguliwa Novemba 2002, ikaitwa International Children's Digital Library. Ila kompyuta haikujua yenyewe rangi ya kila kitabu. Ilibidi mtu akishike, akitazame, aandike: hiki chekundu, hiki cha kijani. Kazi ya kuchosha, na yenye mabishano yake, kwani yako majalada yaliyopakwa kila rangi unayoijua.

Hayo yakapewa kitufe chake: upinde wa mvua.