Kobe, Pembetatu na Kosa Linalofikirisha

Mwanafunzi wa darasa la tano anaambiwa achore pembetatu yenye pande sawa kwa kumwamuru kobe aliye kwenye kioo cha kompyuta. Kobe huyo anaelewa amri chache tu: aende mbele hatua kadhaa, ageuke kulia nyuzi kadhaa. Mtoto anakumbuka somo la hisabati: kila pembe ya pembetatu hiyo ina nyuzi 60. Basi anaandika mbele 100, kulia 60, na kuagiza irudiwe mara tatu. Kobe anatembea, mistari inachorwa, lakini pembetatu haitokei. Kilichochorwa ni nusu ya umbo la pande sita, limebaki wazi upande mmoja.

Kompyuta haijamkaripia wala kumpa jibu. Imetii tu alichoandika, na sasa kosa lake liko mbele ya macho yake. Akiinuka na kutembea mwenyewe sakafuni kwa amri zilezile, atagundua kwamba kobe anapofika kwenye kona hageuki kwa kipimo cha pembe ya ndani. Anageuka kwa pembe ya nje, nyuzi 120. Akilizunguka umbo zima hadi akarudi alikoanzia, akitazama upande uleule, atakuwa amegeuka jumla ya nyuzi 360. Zikigawanywa kwa pande tatu ni 120, kwa nne ni 90, kwa tano ni 72. Mtoto aliyeanza na pembetatu iliyoharibika ameibuka na kanuni inayofaa kwa kila umbo lenye pande sawa na pembe sawa.

Kobe huyo si mgeni duniani. Ametokana na Logo, lugha ya kompyuta iliyoundwa mwaka 1967 huko Cambridge, Massachusetts, na Wallace Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert. Papert alikuwa mwana wa Afrika: alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akasomea hisabati, kisha akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu aliyechunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyojijengea maarifa. Kobe wa mwanzo alikuwa roboti aliyetambaa sakafuni akichora kwa kalamu. Katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta, si kompyuta kumwamuru mtoto.

Msimamo huo ungali na uzito leo, kwa sababu programu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya shule za msingi hufanya kinyume chake. Huuliza swali, hutoa majibu manne, mtoto hugusa moja, nyota inang'aa, swali jingine linakuja. Kwa kukariri jedwali la kuzidisha zinafaa sana. Lakini mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walipanga malengo ya elimu kwa ngazi, na katika mpangilio uliorekebishwa mwaka 2001 kukumbuka ndiyo ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kuunda. Mtoto anaweza kukusanya nyota mwaka mzima bila kupanda hata ngazi moja, na mzazi akadhani kishikwambi kinamjenga akili.

Je, kuandika programu kunampandisha mtoto ngazi hizo? Wanasayansi walitilia shaka mapema. Mwaka 1984, Roy Pea na Midian Kurland wa Chuo cha Bank Street, New York, waliwapima watoto waliosoma Logo kwa mwaka mmoja. Waliwapa kazi isiyohusu kompyuta: kupanga shughuli za darasani, kama kufuta ubao na kumwagilia mimea, kwa njia fupi kuliko zote. Waliosoma Logo hawakuwazidi wenzao. Ilikuwa pigo kwa walioamini kwamba kobe peke yake angetosha.

Jibu lilikuja mwaka 1988 kutoka kwa Sharon Carver na David Klahr wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na ndilo lenye manufaa zaidi kwa mwalimu. Wao hawakuwaacha watoto wajivumbulie kila kitu. Waliwafundisha waziwazi namna ya kusaka hitilafu: linganisha ulichotaka na kilichotokea, eleza tofauti yake, kisia ni kosa la aina gani, tafuta sehemu ya programu inayoweza kulisababisha, rekebisha, kisha jaribu tena. Baadaye watoto hao, wenye umri wa miaka 8 hadi 11, walipewa maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa kwenye karatasi, mathalani ya kufuata njia kwenye ramani, yakiwa na kosa ndani yake. Walilisaka kosa kwa ustadi zaidi kuliko kabla ya mafunzo. Stadi ilikuwa imetoka kwenye kompyuta ikaingia katika mambo mengine.

Hilo linabadilisha hesabu yote. Kazi ya mwalimu haipungui kompyuta inapoingia darasani, inaongezeka. Yeye ndiye anayemzuia mtoto asibadilishe namba ovyo mpaka ibahatike, akamuuliza: ulitarajia nini, umeona nini, unadhani tatizo liko mstari upi? Mwaka 2019, Ronny Scherer na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 105 kuhusu kujifunza kuandika programu, wakakuta faida ya wastani katika stadi nyingine za kufikiri. Faida ipo, ila haiji kwa kuwasha mashine tu.

Peru iliwahi kuyaona hayo kwa gharama kubwa. Ilisambaza kompyuta mpakato kwa wingi katika shule za vijijini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha shule 319, haukuona maendeleo yoyote katika alama za hisabati na lugha, ingawa kulikuwa na dalili za kuimarika kwa uwezo wa jumla wa kufikiri. Kenya nayo, kuanzia mwaka 2016, ilipeleka zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma, na mtaala wake wa umilisi unataja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa msingi. Vifaa vipo na lengo limeandikwa. Kinachoamua ni mwalimu anawapa watoto kazi gani dakika ile vishikwambi vinapotolewa kabatini.

Haitakuwa haki kuidharau ngazi ya chini. Katika vijiji vya mkoa wa Tanga, karibu watoto 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili katika shindano la XPRIZE lililohitimishwa mwaka 2019. Zaidi ya asilimia 90 kati yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili walipoanza; baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Asiyejua kusoma hawezi kuchanganua maandishi, kwa hiyo mashine iliyomfikisha hapo imefanya kazi ya heshima. Swali ni nini kinafuata akishajua kusoma.

Kuandika programu si njia pekee. Mpango wa GLOBE, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1995 na wenye shule Kenya na Tanzania, unawapa wanafunzi kazi ya kupima mvua na joto na kutazama mawingu, kisha kutuma takwimu zao. Taarifa zao za mawingu hulinganishwa na za setilaiti za NASA, na mara nyingine hazipatani. Setilaiti inatazama kutoka juu, mtoto kutoka chini. Wingu zito la juu linaweza kuyaficha ya chini, na ya chini yakamficha mtoto yale ya juu. Darasa likiulizwa nani amekosea, linalazimika kupima ushahidi, na huenda likakuta hakuna aliyekosea. Hiyo ni kutathmini kwa maana yake kamili, na watoto wa miaka kumi wanaiweza.

Gharama si kisingizio kikubwa kama inavyodhaniwa. Scratch, programu iliyotolewa na maabara ya MIT mwaka 2007 chini ya Mitchel Resnick, ni ya bure, ina toleo la Kiswahili, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ikatumika bila intaneti. Mtoto anapanga amri kwa kuunganisha vipande vya rangi, hivyo makosa ya tahajia hayamkwamishi. Shule yenye kompyuta moja inaweza kuwaweka watoto watatu watatu: mmoja anaandika, mmoja anatembea sakafuni kama kobe, wa tatu anaandika daftarini kila kosa na namna lilivyorekebishwa. Walimu wanaoanza muhula huu walikague daftari hilo la makosa kama wanavyokagua daftari la hisabati, na wazazi waombe kuliona siku ya kikao cha shule.