Filamu ya E.T.: Ni nakala ipi ya kuwaonyesha watoto, na kwa nini?

Mwaka 2002 mwongozaji filamu wa Marekani, Steven Spielberg, aliirudia filamu yake ya mwaka 1982 na kufanya jambo lisilo la kawaida. Kwa msaada wa kompyuta, aliziondoa bunduki mikononi mwa askari wanaowakimbiza watoto, na mahali pake akaweka redio za mawasiliano. Mwaka 2012, filamu hiyo ilipotolewa katika diski mpya kuadhimisha miaka 30, bunduki zilikuwa zimerudi. Spielberg mwenyewe amekiri hadharani kwamba hakupaswa kuibadilisha.

Kwa wapenzi wengi wa filamu duniani, huo ni mjadala wa sanaa. Kwa familia za wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi kandokando ya Ziwa Mweru, huko Nchelenge na Kashikishi, swali lina uzito mwingine. Miongoni mwao wamo waliovuka mpaka kutoka Pweto, Moba na sehemu nyingine za kusini mashariki mwa Kongo wakikimbia mapigano, na waliopokewa katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala wilayani Nchelenge. Mtoto aliyewahi kuona bunduki halisi huitazama bunduki ya filamu kwa jicho lake mwenyewe.

Hadithi yenyewe

Filamu ya E.T. inamhusu kiumbe kutoka sayari nyingine ambaye chombo chake cha anga kinaondoka na kumwacha msituni, karibu na mji mmoja wa California. Mvulana wa miaka 10, Elliott, anamkuta, anamficha nyumbani na kumtunza pamoja na kaka yake Michael na mdogo wao Gertie. Kiumbe huyo hana nia ya kuitawala dunia wala kupigana na mtu. Haja yake ni moja tu: kurudi kwao.

Mwandishi wa hadithi ni Melissa Mathison. Muziki ulitungwa na John Williams, na umbo la kiumbe lilibuniwa na fundi Mwitaliano, Carlo Rambaldi. Filamu ilitwaa tuzo nne za Oscar, zikiwamo za muziki na sauti. Ilikuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani hadi mwaka 1993, ilipopitwa na Jurassic Park, ambayo nayo ni kazi ya Spielberg.

Wasikilizaji wa redio watavutiwa na jinsi sauti zake zilivyopatikana. Sehemu kubwa ya sauti ya E.T. ni ya mwanamke, Pat Welsh, ambaye uvutaji wa sigara wa miaka mingi uliikwaruza koo yake. Mtaalamu wa sauti Ben Burtt aliichanganya na sauti nyingine, zikiwamo za wanyama. Katika dakika za mwisho, Spielberg alimruhusu Williams kuongoza okestra kwa mwendo aliouona unafaa bila kuzifuata picha, kisha picha zikahaririwa upya ili zifuate muziki.

Baba asiyekuwapo

Mtu mzima anayeirudia filamu hii baada ya miaka mingi huona jambo ambalo utotoni lilimpita. Msingi wa hadithi ni nyumba isiyo na baba. Baba wa watoto hao amekwenda Mexico na mwanamke mwingine, na mama yao, Mary, analea watatu peke yake. Katika tukio moja ndani ya gereji, Elliott na Michael wanaipata shati kuukuu la baba yao na kulinusa, wakijaribu kukumbuka harufu ya manukato yake.

Spielberg ameeleza mara nyingi kwamba hadithi hiyo ilichipuka kutokana na talaka ya wazazi wake na rafiki wa kufikirika aliyemliwaza alipokuwa kijana. Ndiyo sababu kamera yake hukaa kwenye kimo cha mtoto. Kwa sehemu kubwa ya filamu, mbali na mama, watu wazima huonekana kuanzia kiunoni kwenda chini tu: miguu, mikono, na rundo la funguo linalolia kwenye mshipi wa mtu anayemsaka kiumbe. Mtazamaji huiona dunia kama mtoto anavyoiona, dunia inayoamuliwa na watu ambao sura zao hazionekani.

Hali hiyo si ngeni penye familia zilizogawanyika, ambapo mzazi mmoja yuko ng'ambo ya ziwa na mwingine yuko Zambia, au mtoto analelewa na shangazi au bibi.

Kutoka kaseti hadi kadi ya simu

Familia zilisubiri miaka sita kabla ya kuruhusiwa kumiliki filamu hii. Kaseti ya video ilitolewa Marekani Oktoba 1988, na ili kuwatatiza wanaonakili bila idhini, sehemu ya plastiki ya kaseti ilitengenezwa kwa rangi ya kijani. Mnunuzi aliyeuziwa kaseti nyeusi tupu angejua kwamba si halisi.

Leo kinga hiyo haina kazi. Filamu nyingi humfikia mtazamaji kwa kadi ya kumbukumbu, diski ya kunakiliwa au simu, bila jalada wala maelezo. Mzazi hawezi kujua kwa kusoma jalada ni toleo lipi analo. Inambidi alitazame mwenyewe kwanza.

Njia rahisi ni kwenda moja kwa moja kwenye tukio la watoto kukimbizwa wakiwa juu ya baiskeli, karibu na mwisho. Ikiwa maofisa waliozuia barabara wameshika bunduki, hilo ni toleo la awali la mwaka 1982. Ikiwa wameshika redio za mawasiliano, ni toleo la mwaka 2002. Toleo hilo la pili lina pia tukio la E.T. akiwa bafuni ambalo halikuwamo awali, na uso wake umeongezewa miondoko kwa kompyuta.

Je, kuondoa bunduki kunamlinda mtoto?

Spielberg alieleza kwamba alipoitazama tena filamu yake akiwa mzazi, hakupendezwa na kuona watoto wakikabiliwa na watu wenye silaha. Baadaye alibadili fikra. Hoja yake ni kwamba kila filamu ni alama ya wakati wake, na haifai kusahihishwa kwa macho ya zama nyingine.

Hoja hiyo inahusu historia ya sanaa. Hoja ya mzazi ni tofauti. Bunduki katika toleo la awali huonekana kwa muda mfupi na hakuna mtoto anayepigwa risasi. Mara moja baiskeli zinapaa angani na hatari inabaki chini. Kwa watoto wengine, huo ndio utamu wa tukio: walioshika silaha wameshindwa. Kwa mtoto ambaye kumbukumbu yake bado ni kidonda, hata muda huo mfupi unaweza kuwa mrefu mno, na toleo la redio linaweza kumfaa zaidi.

Hata hivyo, toleo la mwaka 2002 halikuondoa tukio linaloweza kutisha kuliko bunduki. Wataalamu waliovaa mavazi ya kufunika mwili mzima wanaivamia nyumba, wanaizungushia plastiki na kuwatenga Elliott na E.T., ambao wote ni wagonjwa. Mtoto aliyewahi kuona kituo cha kutibu kipindupindu au hema la wagonjwa waliotengwa anaweza kulitambua tukio hilo mara moja. Matoleo yote mawili yanalo. Ni vyema mtu mzima awe amekaa karibu wakati huo, na kumwambia mtoto mapema kwamba hadithi haiishii hapo.

Nani atafasiri?

Afrika Mashariki ina jadi yake ya kuzifasiri filamu za kigeni. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Kenya inaye DJ Afro, na Uganda inaye VJ Jingo, ambaye hufasiri kwa Kiganda. Wafasiri hawa hawatafsiri maneno tu. Huongeza mzaha, methali na maelezo hadi filamu ikawa ya wenyeji.

E.T. ni filamu nyepesi kwa kazi hiyo, kwa kuwa mhusika wake mkuu naye hajui lugha ya wenyeji wake. Anajifunza neno mojamoja kutoka kwa televisheni na kwa Gertie, kama mtoto wa Kiswahili anavyookota Kibemba sokoni na Kiingereza shuleni. Chombo chake cha kuwaita ndugu zake anakiunda kwa vitu vilivyomo nyumbani: mwavuli, sahani ya msumeno, kinanda cha santuri na mchezo wa watoto wa kujifunzia tahajia. Fundi yeyote wa simu wa Kashikishi angeuelewa ubunifu huo bila kufasiriwa.

Mzazi, shangazi au kaka mkubwa anaweza kuwa mfasiri wa jioni hiyo. Swali moja atakalopaswa kujiandaa nalo linahusu mwisho. Chombo cha anga kinarudi, E.T. anamwomba Elliott waondoke pamoja, na Elliott anachagua kubaki na mama yake, kaka yake na dada yake. Mgeni anafika kwao. Baba harudi, na filamu haidai kwamba atarudi.