Kutoka Mbidde hadi Mvinyo: Wasifu wa Kilimo na Uchumi wa Vinywaji vya Ndizi katika Uganda ya Kati, Ukitazamwa kutoka Mbuya, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza wasifu wa kilimo na uchumi wa vinywaji vya ndizi katika Uganda ya kati, na kuuliza kwa nini zao lenye historia ndefu kiasi hicho limezaa tasnia changa ya mvinyo. Hoja kuu ni kwamba kinachomtenga mkamuaji wa ndizi na soko rasmi si uhaba wa malighafi wala wa ujuzi, bali ni muda na jina. Muda, kwa kuwa kinywaji chake huharibika kabla hakijafika mbali; jina, kwa kuwa sheria hutoza, huruhusu na hulinda vileo kwa kufuata majina iliyovipa. Tasnia ya zabibu ya Dodoma, Tanzania, inatumiwa kama kielelezo cha kulinganishia. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera na wataalamu wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Mbuya ni kilima katika Divisheni ya Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala. Juu yake kuna kambi ya jeshi na makazi ya wenye nafasi. Chini yake, upande wa Kinawataka, kuna soko na nyumba za watu wa kipato kidogo. Kwa anayetafiti vileo, kilima hiki kina faida moja: kimezungukwa na taasisi zinazoamua hatima ya kinywaji chochote nchini. Kusini-mashariki, katika ukanda wa Luzira na Port Bell, kuna kiwanda cha Uganda Breweries kilichoanzishwa mwaka 1946. Nakawa kuna makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Mbele zaidi, huko Bweyogerere, kuna makao makuu ya Shirika la Viwango la Uganda.

Kinywaji cha ndizi kinachotoka vijijini katika jerikeni ya plastiki huweza kupita karibu na taasisi hizo zote bila kupimwa, kutozwa wala kusajiliwa, kikanywewa siku hiyohiyo na kwisha. Chupa ya mvinyo katika duka kubwa, hata iwe imetokana na tunda lilelile, imepita katika milango yote hiyo. Makala haya yanachunguza umbali uliopo baina ya jerikeni na chupa.

2.0 Mgomba wa Kinywaji na Tishio Lake

Mkulima wa Buganda haoni migomba yote kuwa ya namna moja. Kuna matooke, ndizi za kupika. Kuna ndizi za kuliwa mbivu. Na kuna mbidde, ndizi za kukamuliwa. Mbidde asilia ni jamii ya migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ndugu wa matooke, lakini nyama ya tunda lake ni chungu na yenye ukakasi. Ukakasi huo ndio sifa yake: ndizi za kukamuliwa hutoa maji safi zinapokandwa, ilhali ndizi ya kupika iliyoiva hugeuka uji mzito usiochujika kwa urahisi. Pamoja na mbidde hupandwa aina zilizotoka nje ya eneo, hasa Kayinja, inayojulikana kwingineko kwa jina la Pisang Awak, na Kisubi.

Kayinja ilienea kwa sababu za kiuchumi. Hustahimili udongo uliochoka na ukame wa muda, haihitaji palizi ya mara kwa mara, na huweza kuachwa pembezoni mwa shamba huku nguvu kazi ikielekezwa kwenye matooke na kahawa. Aidha, tofauti na mzabibu, mgomba hauna msimu mmoja wa mavuno. Katika ukanda huu wenye misimu miwili ya mvua, mikungu hupatikana mwaka mzima, ijapokuwa kwa kupanda na kushuka. Kwa kiwanda cha mvinyo hii ni neema, kwa kuwa matangi hayalazimiki kukaa matupu kwa miezi mingi.

Neema hiyo ilitikiswa mwaka 2001, mnyauko bakteria wa migomba ulipobainika katika Wilaya ya Mukono. Ugonjwa huu ulikuwa umejulikana kabla yake nchini Ethiopia. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa rangi ya manjano. Wadudu hubeba bakteria kutoka tumba la kiume, lile lining'inialo mwishoni mwa mkungu; na Kayinja, kwa jinsi maua yake yalivyo, hushambuliwa kwa njia hiyo kuliko matooke nyingi. Sifa ya kutohitaji uangalizi, iliyoifanya ipendwe, ikageuka udhaifu: shamba lisilotembelewa lilikuwa ghala la ugonjwa kwa majirani.

Kinga inajulikana, nayo ni nafuu. Tumba la kiume huvunjwa mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, zana husafishwa kwa moto au dawa, na mashina yenye dalili huondolewa. Lakini hatua hizo zinadai kazi ya mikono, na hakuna mkulima atakayeongeza kazi katika zao lisilomlipa. Bei ya kinywaji, kwa hiyo, ni suala la afya ya mimea pia.

3.0 Kutoka Shimoni hadi Mtumbwini

Utengenezaji wa kinywaji cha asili una hatua zinazofuatana kwa mantiki thabiti. Ndizi zilizokomaa huvunwa mbichi na kuivishwa kwa siku kadhaa, ama katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto, ama darini juu ya meko. Zikishaiva humenywa na kukandwa pamoja na nyasi kavu ndani ya mtumbwi wa mti uitwao lyato. Nyasi hushika makapi na kuruhusu maji ya tunda kutiririka. Kazi ya kukanda hufanywa kwa miguu, kwa kawaida na wanaume, na ndiyo iliyokipa kinywaji jina lake la Kiganda: omwenge bigere, yaani pombe ya nyayo. Jina jingine lililoenea ni tonto.

Maji ya ndizi kabla hayajachachuka huitwa omubisi, nayo hunywewa hata na watoto. Ili yawe kileo huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba, na uchachukaji huendelea kwa siku moja hadi tatu. Hamira haiongezwi: hutoka kwenye nafaka, kwenye tunda na kwenye mbao za mtumbwi wenyewe.

Mvinyo wa ndizi huanzia kwenye omubisi uleule, kisha njia hugawanyika. Mtengenezaji huchuja na kupasha moto maji ya tunda, hurekebisha sukari na uchachu, na kutia hamira teule. Baada ya uchachukaji wa taratibu, kinywaji huachwa kitulie, huchujwa tena, na kufungwa ndani ya chupa isiyopitisha hewa. Hapana shaka mkamuaji wa kijijini ana nusu ya kwanza ya ujuzi huu. Asichokuwa nacho ni tangi, kipimo, chupa, na mtaji wa kusubiri miezi kabla ya kuuza.

4.0 Uchumi wa Muda

Tonto haikomi kuchachuka inapouzwa. Siku ya kwanza ina utamu. Siku ya pili imekolea. Baada ya hapo bakteria wa siki huanza kuishinda. Muuzaji hana uwezo wa kukataa bei ya leo kwa kungojea ya kesho, kwa sababu kesho bidhaa yake itakuwa kitu kingine. Mchuuzi wa mjini anaifahamu hali hiyo, na faida humwelekea mwenye usafiri kuliko mwenye shamba. Soko lenye bei ya uhakika kidogo ni la sherehe, hususan kwanjula, hafla ya Baganda ya kutambulisha wachumba, ambamo omwenge bigere ni sehemu ya mahitaji ya mila. Hata hivyo, sherehe haziji kila siku.

Njia ya zamani zaidi ya kuushinda muda ni kukeneka. Tonto iliyokenekwa huwa enguli au waragi, kileo kikali kisichoharibika na chepesi kusafirisha. Asili ya jina waragi inasimuliwa kwa namna mbili: simulizi ya mitaani hulitoa kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita, maelezo yenye mashiko zaidi kiisimu hulihusisha na neno la Kiarabu araki, lililopitia vinywani mwa askari Wanubi. Lakini ukenekaji una gharama zake. Humaliza kuni, na bidhaa isiyopimwa huweza kuchanganywa na methanoli. Mwaka 2010 makumi ya watu walifariki kusini-magharibi mwa Uganda, Kabale ikiwamo, kwa kunywa waragi wa namna hiyo. Mvinyo ni njia ya pili ya kuushinda muda, isiyohitaji kukeneka; ila ndiyo inayodai mtaji mkubwa na karatasi nyingi.

5.0 Sheria kama Mlango

Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza ukenekaji bila leseni, na ikakusudia enguli ya wenye leseni iuzwe kwa kiwanda cha kuisafisha upya. Ndipo ilipotokea chapa ya Uganda Waragi. Kinywaji chenye chapa kilipata heshima na soko. Mkenekaji wa kijijini, kwa sehemu kubwa, alibaki nje ya sheria akiendelea na kazi ileile. Funzo lake ni kwamba kurasimisha bidhaa si sawa na kumrasimisha mzalishaji.

Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2014 inatoa mwanya mpana zaidi. Huutoza mvinyo unaotokana na malighafi za ndani kiwango kidogo kuliko mvinyo mwingine. Katika bia pia, ile yenye malighafi za ndani zisizopungua asilimia 75, bila kuhesabu maji, hupewa nafuu. Nafuu ya bia ilikwisha kuonyesha uwezo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nile Breweries ilianzisha Eagle Lager kwa kutumia mtama wa aina ya Epuripur uliotafitiwa Serere. Ushuru mdogo ulikutana na mbegu moja inayofahamika na mnunuzi aliyehitaji nafaka nyingi, wakulima wakapata soko. Mvinyo wa ndizi una kipengele cha kwanza tu kati ya hivyo vitatu.

Dodoma inatoa kielelezo cha karibu zaidi. Mizabibu ilipandwa huko na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Katika nyanda hizo kavu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti cha Makutupora huhudumia zao hilo. Sheria ya ushuru ya Tanzania ina kundi mahususi la mvinyo wenye zabibu za nchini zinazozidi asilimia 75, linalotozwa kiwango cha chini. Mvinyo wa matunda mengine ya nchini, ndizi zikiwamo, nao umetengewa fungu lake. Pamoja na hayo, mkulima wa Dodoma hukabiliwa na tatizo la muda lilelile: zabibu zikiiva hazingoji. Jibu lililojitokeza ni mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokamuliwa na kuhifadhiwa katika matangi ili ziuzwe kwa viwanda baadaye. Mchuzi umempa mkulima bidhaa ya kati, inayosimama baina ya shamba na chupa. Uganda ya kati haina bidhaa ya kati ya namna hiyo katika ndizi, ingawa omubisi uliopashwa moto na kuhifadhiwa vizuri ungeweza kushika nafasi hiyo.

6.0 Suala la Istilahi

Jina lina uzito wa fedha. Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo hulifungia neno hilo katika kinywaji cha zabibu pekee, nao Umoja wa Ulaya hufuata msimamo huo. Kiswahili hakikurithi mpaka huo. Mvinyo, neno lenye asili ya Kireno, liliwahi kutumika pwani hata kwa vileo vikali vilivyoingia kwa meli. Leo limetulia kwenye kinywaji cha zabibu, likishirikiana na divai. Matumizi ya kisasa yameongeza mvinyo wa ndizi, wa nanasi na wa rozela, na sarufi imeyapokea bila taabu, kwa kuwa kihusishi cha -a unganifu hudai asili itajwe, kama ilivyo katika pombe ya mtama.

Kwa Kiganda, omwenge hufunika karibu kila kileo. Afisa anayetafsiri omwenge bigere kuwa pombe humweka mtengenezaji katika kundi moja. Anayesema mvinyo humweka katika jingine, lenye ushuru na viwango tofauti. Tangu katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri lilipothibitisha mwelekeo huo mwaka 2022, tafsiri za namna hii zimeacha kuwa zoezi la darasani.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba mnyororo wa vinywaji vya ndizi una zao la mwaka mzima, ujuzi wa ukamuaji na nafuu ya ushuru, lakini viungo hivyo havijashikana. Yanapendekezwa mambo manne.

Kwanza, vituo vidogo vya ushirika vya kukamua na kuhifadhi omubisi vianzishwe karibu na mashamba, ili mkulima auze maji ya ndizi yaliyopimwa badala ya mkungu unaooza. Pili, ununuzi wa vituo hivyo ufungamanishwe na kinga ya mnyauko, kwa kuwalipa zaidi wanaovunja matumba na kusafisha zana. Tatu, viwango vya omubisi, omwenge bigere na mvinyo wa ndizi vitenganishwe na kuelezwa kwa Kiganda na Kiswahili, ili mtengenezaji ajue anaombwa nini kabla hajafika Bweyogerere. Nne, vyombo vya Kiswahili vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viandae faharasa ya vileo ambamo neno mvinyo daima litafuatwa na jina la tunda lake.

Pendekezo la nne ndilo la gharama ndogo kuliko yote, na matatu ya kwanza hayatasimama bila hilo. Mkamuaji ambaye kinywaji chake hakina jina katika sheria hana leseni ya kuomba, kiwango cha kufikia, wala nafuu ya kudai.