Mkurugenzi wa nyumbani hupikwa ugenini

Aprili 2018 ilitangazwa kwamba Sylvia Mulinge, Mkenya aliyekuwa miongoni mwa vigogo wa kampuni ya simu ya Safaricom, angechukua uongozi wa Vodacom Tanzania. Kibali cha kazi hakikutoka. Miezi ikayoyoma, Mulinge akarudi Safaricom, na kiti kikaenda kwa Hisham Hendi, raia wa Misri. Jirani alikataliwa, lakini Mtanzania hakukipata kiti.

Wakuu wa kampuni za kimataifa wana sababu zao za kuleta mtu wao. Wanamfahamu, anajua bodi inataka taarifa ya aina gani, na maslahi ya kampuni mama yakigongana na ya serikali mwenyeji, hawana shaka atasimama upande gani. Kwa utulivu huo wanalipa ghali. Juu ya mshahara kuna nyumba ya Masaki, dereva, ada za watoto shule ya kimataifa na tiketi za likizo za familia nzima. Mwenyeji hahitaji sehemu kubwa ya hayo, na anajua mamlaka ya mapato inavyofikiri kabla barua haijafika mezani.

Hata hivyo, si haki kusema mgeni ni hasara. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007 Safaricom ikiwa chini ya mgeni, Michael Joseph, na Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, aliikuza. Collymore alipofariki Julai 2019, serikali ya Kenya, iliyokuwa wakati huo na asilimia 35 ya hisa, iliripotiwa kushinikiza apatikane Mkenya. Akapatikana Peter Ndegwa, akaanza kazi Aprili 1, 2020.

Tutazame alikotoka. Ndegwa alipitia East African Breweries, kisha kampuni mama, Diageo, ikampeleka kuongoza Guinness Ghana, ikampandisha Guinness Nigeria, halafu ikampa soko la bara la Ulaya akiwa Amsterdam. Alipoitwa nyumbani, hakuna aliyeweza kudai kwamba amepewa kiti kwa sababu ya pasipoti tu. Alikuwa ameshakuwa mgeni katika nchi za watu, ameshasimamia hesabu za faida na hasara, ameshashughulika na wadhibiti wasiomjua.

Hapo ndipo mjadala wetu kuhusu wakurugenzi wageni na wenyeji unapopwaya. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inampa mgeni kibali cha miezi 24, kinachoweza kuongezwa, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa raia atakayerithi nafasi. Ni sheria nzuri. Lakini mpango unaoishia kwa jina la naibu na kozi mbili tatu hauwezi kumtoa mkurugenzi. Ukuu wa kampuni haufundishwi kwa semina. Mtu hukabidhiwa soko dogo mahali fulani, akabanwa, akakua.

Na soko hilo mara nyingi liko nje ya mipaka. Mwaka 2022 Mulinge yuleyule alikabidhiwa kampuni ya simu ya MTN Uganda, akimrithi Wim Vanhelleputte, Mbelgiji ambaye Uganda ilimfukuza nchini mwaka 2019 kabla ya kumruhusu arudi miezi michache baadaye. Mwaka 2023 Vanhelleputte naye akaenda kuongoza Safaricom Ethiopia. Viti hivi vinazunguka, na nchi inayowafungia milango majirani inajiweka vibaya inapotaka vijana wake nao waingie kwenye mzunguko huo.

Kwa hiyo ofisi ya Kamishna wa Kazi, inapopokea ombi la kibali cha mkurugenzi mgeni, iongeze swali moja kwenye fomu: katika miaka 5 iliyopita, kampuni hii imewapeleka Watanzania wangapi kuongoza matawi yake ya nchi nyingine? Inayojibu kwa majina ipewe kibali haraka. Isiyo na jina hata moja itoe kwanza tarehe ya kumpeleka wa kwanza.