Ghala la Chakula la Usharika: Tukusanye Mwezi wa Saba, Tugawe Mwezi wa Pili



Katika mikoa ya kanda ya kati, kama Dodoma na Singida, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Mavuno huingia kati ya Mei na Julai, na wakati huo sadaka za mavuno hujaa madhabahuni. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi, watu wakiwa katika kulima na kupalilia, vihenge vingi huwa vitupu na bei ya mahindi hupanda. Hapo ndipo mjane, bibi anayelea wajukuu na familia yenye mgonjwa hubisha hodi kwa mchungaji. Mara nyingi naye hana cha kuwapa, kwa sababu hata watoaji wamepungukiwa.

Makala hii inaeleza jinsi usharika unavyoweza kuendesha ghala dogo la chakula kwa michango na nguvu za washarika wenyewe. Msingi wake ni mmoja: kutoa wakati wa wingi na kutunza hadi wakati wa uhaba.

Wazo hili si geni. Yusufu alifanya hivyo kule Misri. Katika nyakati zetu, mwaka 1967, katika mji wa Phoenix, Marekani, John van Hengel, mtu aliyekuwa akijitolea kulisha maskini, alianzisha kile kinachotajwa kuwa benki ya kwanza ya chakula duniani. Parokia ya Mtakatifu Maria ilimpa jengo la kuokea mikate lililokuwa limeachwa, pamoja na mkopo wa dola 3,000. Yeye alikusanya vyakula ambavyo maduka yangevitupa. Sisi tunacho cha shambani.

Namna ya kuchanga

Tumezoea mnada wa sadaka za mavuno baada ya ibada. Kuku, mapapai na miwa viendelee kunadiwa. Lakini nafaka isinadiwe. Tukiuza mahindi mwezi wa saba tunayauza kwa bei ya chini kuliko wakati wote wa mwaka, na mwezi wa pili fedha ile hainunui yote tuliyouza. Nafaka iende ghalani, na sehemu ya fedha za mnada inunue nafaka zaidi papo hapo wakati bei ingali chini. Walimu, wafanyabiashara na ndugu walioko mijini, ambao hawana mashamba, wachange fedha kwa njia ya simu katika miezi hiyohiyo.

Tuchukue mfano. Usharika una jumuiya 10, kila moja ina kaya 15, na kila kaya inatoa debe moja. Hizo ni debe 150, yaani takriban magunia 25 ya kilo 100. Familia ya watu watano ikipewa kilo 30 kwa mwezi, ambayo ni kama nusu ya mahitaji yake ya nafaka, kwa miezi mitatu itatumia kilo 90. Ghala hilo litazivusha familia 27. Debe moja peke yake ni dogo, lakini likiungana na mengine huokoa.

Namna ya kutunza

Chakula kilichotunzwa vibaya ni hatari kuliko ghala tupu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kutokana na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Nafaka ikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zilizooza, zilizovunjika au zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa.

2. Ukavu upimwe kwa chumvi. Weka mahindi kiasi ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudishwe juani.

3. Tumia mifuko ya PICS yenye tabaka tatu. Ikifungwa vizuri hewa haiingii, na wadudu, hata dumuzi ambaye wakulima humwita Scania, hufa bila dawa.

4. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta.

Zamu za kujitolea

Kazi za ghala ni nyingi, lakini zikigawanywa hazimlemei mtu. Akina mama na wazee wenye uzoefu wachambue na kupima. Vijana wabebe, wazibe matundu ya panya na kupeleka chakula kwa baiskeli kwa wasioweza kutembea. Mwalimu mmoja aandike leja. Kila jumuiya ipewe mwezi wake wa zamu, na orodha ibandikwe mlangoni.

Ghala liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Kila mwisho wa mwezi magunia yahesabiwe na idadi itangazwe kanisani. Watu wakijua debe lao lilikokwenda, mwakani watatoa tena.

Kugawa kwa heshima

Tunasoma katika Matendo ya Mitume sura ya 6 kwamba manung'uniko yalitokea katika kanisa la kwanza kwa sababu wajane wengine walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kuaminika. Nasi tuwe na kamati ndogo inayozifahamu kaya, ikiwamo balozi wa mtaa, ili asisahauliwe mtu kwa sababu si Mlutheri au si Mkristo. Idadi ya kaya itangazwe, lakini majina yasisomwe hadharani. Mtoto asichekwe shuleni kwa sababu mama yake amepokea unga. Naye mpokeaji mwenye nguvu akaribishwe katika zamu kama wengine.

Wapendwa, kamati ya ghala ikiundwa mwezi wa pili, njaa ikiwa imekwisha kuingia, itakuwa imechelewa. Baraza la wazee lipange kikao kimoja kabla ya mavuno: wachague watu saba, watafute chumba kikavu, wapange kiasi cha kila kaya. Mengine yataanza na debe la kwanza.

Bwana awabariki.