Wadudu wa Mtoni ni Mashahidi

Uchafu ukimwagwa mtoni usiku, ifikapo asubuhi maji yale yameshapita. Ukichota chupa saa nne, itakueleza habari za saa nne tu. Lakini wapo mashahidi waliolala pale pale: wadudu wanaoishi chini ya mawe kwa majuma na miezi.

Kwetu hili si jambo dogo. Mto Chania unaungana na Mto Thika mjini Thika, kisha maji yanaelekea Tana. Ya Ruiru yanaelekea Athi. Njiani kuna mashamba, viwanda na makazi, na huko chini wako watu wanaomwagilia sukuma wiki na kunywesha ng'ombe.

Kupima si kazi ngumu. Vaa gambuti kwa sababu ya kichocho. Tafuta mahali penye mawe na maji ya kasi. Shika chujio upande wa chini, vuruga mawe kwa mguu dakika tano, halafu mwaga ulichopata kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo.

Mdudu bapa mwenye mikia miwili hupenda maji safi yenye oksijeni nyingi. Vivyo hivyo wengi wa wale wenye mikia mitatu, na wale wanaojijengea kijumba cha mchanga. Ukiwapata hao, mto una nafuu. Lakini ukiona ruba, minyoo na viluwiluwi vyekundu peke yao, hapo kuna shida. Wekundu ule ni himoglobini, kama ya damu yetu, nayo huwasaidia kuishi penye oksijeni kidogo.

Afrika Kusini wana njia iitwayo miniSASS, ambayo hata watoto wa shule huitumia. Mwenye mikia miwili anapewa alama 17, ruba 2. Unajumlisha, kisha unagawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata.

Pima juu na chini ya mahali unapopashuku, lakini usipime baada tu ya mafuriko, maana huwazoa wadudu. Rudia kila mwezi, uandike tarehe na mahali.

Tahadhari: wadudu hawaonyeshi viini vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Maji ya kunywa chemsha tu!

Tofauti ikizidi kuonekana, peleka daftari kwa chama cha watumiaji maji au NEMA. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Daftari halichukui nafasi ya maabara, ila litamwonyesha afisa mahali pa kuanzia.