Kazadi Mwamba: kipa wa mabingwa anayekumbukwa kwa dakika 21

KOLWEZI – Ni kipande kidogo cha karatasi, hakijazi hata kiganja cha mkono. Mwaka 1974, kampuni ya Panini ya mjini Modena, Italia, ilichapisha stika za wachezaji wa Kombe la Dunia, na kwa mara ya kwanza timu ya Afrika Nyeusi ikawemo: Leopards wa Zaire. Leo wakusanyaji wa Ulaya wananunua na kuuziana picha hizo kwenye intaneti. Mojawapo ni ya mtoto wa Katanga, kipa Kazadi Mwamba.

Hapa Lualaba, ukimwuliza kijana anayetoka uwanja Dominique Diur kutazama AS Simba, atakutajia Robert Kidiaba na ile ngoma yake ya kurukaruka kwa makalio. Kazadi? Wazee waliofanya kazi Gécamines ndio watatikisa kichwa na kuanza kuhesabu vikombe.

Na vikombe vipo. Kazadi alizaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Akiwa bado kijana alilinda lango la TP Englebert, ndiyo TP Mazembe ya sasa, iliyotwaa kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Klabu hiyo ilifika fainali miaka minne mfululizo, hadi 1970. Januari 1968 kule Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana 1-0 na kuchukua Kombe la Afrika, na Kazadi akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Kipa kupewa heshima hiyo si jambo la kila siku.

Machi 1974 alirudia, safari hii nchini Misri. Fainali ilikuwa dhidi ya Zambia, majirani zetu wa shaba ng'ambo ya mpaka: 2-2, kisha mechi ya marudio 2-0, magoli yote manne ya Zaire yakifungwa na Ndaye Mulamba.

Miezi mitatu baadaye ikaja Ujerumani Magharibi. Baada ya kufungwa 2-0 na Scotland, wachezaji walisikia kwamba pesa walizoahidiwa hazipo, wakataka kugoma. Juni 18 mjini Gelsenkirchen waliingia uwanjani kukutana na Yugoslavia wakiwa na roho iliyovunjika. Ilipofika 3-0, dakika ya 21, kocha Blagoje Vidinić, yeye mwenyewe kipa wa zamani na raia wa Yugoslavia, alimtoa Kazadi. Minong'ono kuhusu nani aliyetoa amri hiyo haijaisha mpaka leo.

Tubilandu Dimbi aliyemrithi alifungwa mara moja, kabla hajagusa vizuri mpira. Mechi ikaisha 9-0.

Hesabu ndiyo inayosahauliwa. Katika magoli hayo tisa, Kazadi alifungwa matatu. Sita yaliingia akiwa benchi. Lakini dunia ilipocheka, ilicheka timu nzima, na jina la kipa wa kwanza likabaki kwenye karatasi ya mechi.

Si kwamba hakuwa na kosa. Alirudi langoni dhidi ya Brazil, na goli la tatu, shuti la Valdomiro, lilimpita pembeni pale ambapo kipa wa kiwango chake alipaswa kulizuia. Goli hilo liliipeleka Brazil mbele na kuirudisha Scotland nyumbani bila kupoteza mechi hata moja. Waskoti wenye umri wanalikumbuka vizuri kuliko sisi.

Kazadi alifariki mwaka 1996, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire.

Picha za enzi hizo bado zimo kwenye maalbamu ya familia, Musonoi, Mutoshi, Kapata, katika nyumba za kambi za zamani za kampuni: timu zimepanga mstari, mlinda lango katikati. Nyingi hazina majina nyuma. Wanaoweza kuyataja wachezaji hao mmoja mmoja wamevuka miaka 70, na simu ya mjukuu yenye kamera inatosha kwa kazi hiyo, mzee akiwa bado yupo wa kusema huyu ni nani.